Mguu Unauma, Namba Imeshalipiwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mbio za Mchango Nairobi

Kila mbio za mchango zikikaribia, simu yangu hujaa maswali yale yale. Mimi si daktari. Nimekimbia mbio hizi za Nairobi kwa miaka, mara nyingine nikiwa mzima, mara nyingine nikiwa na mguu ambao ulipaswa kubaki nyumbani. Siku hizi hujitolea kwenye meza ya maji, na hapo ndipo utakapowaona wote wanaochechemea wakipita mbele yako. Majibu haya ni ya mtu anayekimbia kilomita 5, 10 au 21 kwa ajili ya kuchangia na kufurahi. Ikiwa mbio ndiyo riziki yako, unaye kocha, msikilize yeye.

Nimeshalipa, fulana ninayo, lakini goti linauma. Si nitakuwa nimetupa pesa nisipokimbia?

Pesa haikutupwa. Ilifika siku ile ulipobonyeza namba yako ya siri ya M-Pesa. Mtoto anayesubiri upasuaji wa moyo kwa fedha za Mater Heart Run hatauliza ulimaliza kwa dakika ngapi. Kliniki tembezi za kampeni ya Beyond Zero ya afya ya kina mama na watoto, zile zilizogawiwa kaunti zote 47, hazikununuliwa kwa kasi ya mtu yeyote. Margaret Kenyatta alizindua mbio za Beyond Zero mwaka 2014 akiwa mke wa rais, kisha Aprili mwaka huo huo akaenda London akamaliza marathoni baada ya saa 7 na ushei. Washindi walikuwa wameshaoga, wamekula na pengine wamelala kidogo. Michango ilikuja vile vile.

Kwa hiyo tenga mambo mawili ambayo fulana imeyashona pamoja. Kuchangia ulimaliza ulipolipa. Kukimbia ni starehe yako, na starehe huahirishwa. Kilichobaki mkononi mwako sasa ni mguu, na huo hauna risiti ya kurudishia dukani.

Niamue lini kama nitakimbia au la?

Alhamisi jioni. Usingoje Jumapili asubuhi. Ukishafika pale, muziki unadunda, watu maelfu wamevaa rangi moja, bosi wako anakupungia mkono, na mshereheshaji anauliza kama Nairobi iko tayari. Miaka yote niliyokwenda sijaona mtu aliyefika mstari wa kuanzia akiwa na mguu mbovu kisha akageuka akarudi nyumbani. Uamuzi wa uwanjani ni mmoja tu, na mguu hauwi na kura.

Amua ukiwa jikoni, peke yako, umevaa kandambili.

Nitaujuaje mguu ulio tayari?

Usiuulize, upime. Kuuliza mguu ni kama kumuuliza fundi kama kazi itakuwa tayari Ijumaa.

Anza na kutembea. Dakika 30 za mwendo wa mtu aliyechelewa kazini, bila kuchechemea hata kidogo. Mwombe mtu atembee nyuma yako akutazame, kwa maana mwenye kuchechemea huwa wa mwisho kujua. Hili likikushinda, mengine yote hayana haja.

Halafu shuka ngazi. Wengi wetu tunaishi kwenye ghorofa zisizo na lifti, basi hapo umepata chombo cha kupimia bila malipo. Kupanda hakusemi mengi. Kushuka ndiko kunakofichua goti, kwa sababu misuli ya paja inabeba uzito huku ikirefuka. Ukijikuta unashuka kwa upande kama kaa, umepata jibu.

Kwa walioumia shavu la mguu au kano ya kisigino: simama kwa mguu mmoja, gusa ukuta kwa vidole tu, inua kisigino hadi mwisho, shusha polepole, rudia. Hesabu. Kisha fanya mguu mwingine. Mtu mzima wa kawaida anafika 20 au zaidi. Linalotakiwa ni miguu miwili ikaribiane.

Jirani yangu, dada wa makamo anayefanya kazi benki, alijipima hivyo kwenye korido ya ghorofa ya nne, Alhamisi saa 2 usiku, leso imefungwa kiunoni. Mguu wa kulia uliinuka mara 22. Wa kushoto ulifika 7. Mara ya nane kisigino kikakataa kuondoka sakafuni, naye akakitazama kama mtu anayetazama gari lililomzimikia mlimani. Bawabu aliyekuwa anapita na tochi yake akauliza, "Mama, kuna kitu umepoteza?" Akajibu, "Kumi na tano." Jumapili alikuja, akatembea kilomita 5 na binti yake, akarudi nyumbani kupika.

La mwisho ni kuruka kwa mguu mmoja mara kumi papo hapo, kisha kukimbia polepole dakika 15 hadi 20 mahali tambarare. Msitu wa Karura unafaa kwa udongo wake, uwanja wa mtaa pia unafaa. Jibu halitoki siku hiyo. Linatoka kesho yake, unapoteremsha mguu kutoka kitandani na kupiga hatua tano za kwanza kwenda msalani. Ndiyo maana nikasema Alhamisi: fanya jaribio la kukimbia Jumanne au Jumatano, usubiri asubuhi ikwambie.

Maumivu gani naweza kukimbia nayo, na yapi ni ya kusimama?

Wataalamu wengi wa fiziotherapia hutumia kipimo cha 0 hadi 10. Sifuri huna maumivu, kumi huwezi hata kuongea. Ukiwa 0 hadi 3, na hayapandi unapoendelea, na hayabadilishi unavyokanyaga, na kesho asubuhi yameisha, unaweza kuendelea kwa hadhari. Tahadhari: watu wetu huanza kuhesabu kutoka nne. Mkenya akisema "ni ka-mbili tu" huku amekunja uso, ongeza tatu.

Yafuatayo hayana mjadala. Maumivu ya kwenye mfupa ambayo unaweza kuyafunika kwa ncha ya kidole kimoja, hasa kwenye ugoko au juu ya unyayo. Huenda ni ufa wa mfupa unaoanza. Maumivu yanayokuamsha usiku. Goti linalovimba, linalokwama au linalokuachia ghafla. Ganzi mguuni. Kuchechemea kwa aina yoyote, hata kama hakuumi, maana ukipendelea mguu mmoja, mwingine na nyonga ndivyo vitakavyolipa.

Na kuna moja ambalo halihusiani na mbio kabisa ila huja limevaa nguo za mbio: shavu la mguu mmoja limevimba, lina joto, linauma, na hukumbuki ulipoumia, labda umetoka safari ndefu ya basi au umelazwa karibuni. Hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usikubali mtu akuchue. Ukianza na kukosa pumzi au kifua kuuma, ni dharura.

Wewe mwenyewe ilikukuta nini?

Nilijua mtauliza. Ilikuwa barabara ya Lang'ata, kilomita ya nne ya mbio za kilomita 10. Wiki mbili kabla shavu la mguu wa kulia lilikuwa limekaza, nikalipaka dawa ya kuchua yenye harufu kali, nikasema litalegea likipata moto. Nilipokuwa nampita mzee mmoja aliyevaa fulana ya rangi ya mbio zilizopita, nikahisi nimepigwa jiwe nyuma ya mguu. Paa! Nikageuka kwa hasira kumtafuta mrushaji. Nyuma yangu palikuwa na kina mama watatu wakitembea na kucheka, na kijana wa vuvuzela. Hakuna aliyekuwa na jiwe.

Baadaye nikaja kujua kwamba hisia hiyo ya kupigwa ndiyo dalili inayojulikana ya msuli wa shavu kuchanika. Kosa langu kubwa halikuwa kuumia. Ni kwamba nilichechemea kilomita 2 zaidi kwa sababu niliona aibu kukaa ukingoni na namba kifuani. Jeraha ambalo lingechukua wiki chache lilinichukua karibu miezi minne, na medali sikupata kwa sababu sikufika. Yule mzee alimaliza.

Daktari alisema nipumzike wiki sita. Hii ni ya nne na siumwi tena. Si nimepona?

Hapana. Maumivu huondoka kabla ya kazi kuisha, kama fundi anayeondoa vyuma kabla saruji haijashika. Msuli hupona haraka kwa sababu una damu nyingi. Kano hupona polepole. Mfupa wenye ufa unataka wiki 6 hadi 8, mara nyingine zaidi. Wiki ya nne bila maumivu maana yake kupumzika kunafanya kazi, basi usikukatize kwa ajili ya fulana.

Nilipiga picha ya eksirei ikaonekana safi. Kwa nini bado naumwa?

Kwanza, eksirei inaonyesha mifupa. Msuli uliochanika hauonekani humo. Pili, ufa mdogo wa mfupa unaotokana na kukimbia kupita kiasi mara nyingi hauonekani katika wiki za mwanzo. Ukiwa na maumivu ya mfupani yanayozidi na eksirei safi, rudi, usichukulie kama cheti cha kukimbia.

Kwa waliotegua kifundo, kuna kanuni rahisi ambayo madaktari huitumia: kama hukuweza kupiga hatua nne ulipoumia na huwezi sasa, au ukibonyeza mfupa kwenye ukingo wa nyuma wa kifundo, ndani au nje, unaruka kwa maumivu, basi eksirei inahitajika. Kama hakuna hayo, huenda ni kano za kifundo zilizovutika tu.

Daktari wa kawaida au fiziotherapia?

Ukivimba ghafla, ukishindwa kukanyaga, au ukishuku mfupa: hospitali. Kwa lile linaloumauma wiki ya tatu sasa, mtaalamu wa fiziotherapia atakusaidia zaidi, kwa sababu yeye atakutazama ukitembea na kukupa mazoezi badala ya vidonge peke yake. Usiende Ijumaa kabla ya mbio ukitarajia muujiza. Mmoja aliwahi kuniambia Ijumaa hizo ni kama kinyozi siku ya mkesha wa Krismasi.

Barafu au maji ya moto? Na kuchuliwa?

Siku mbili tatu za kwanza baada ya kuumia: baridi, mguu juu ya mto, bandeji isiyokaza sana. Barafu ifungwe kwa kitambaa, dakika 10 hadi 15, usiiweke kwenye ngozi tupu. Inapunguza maumivu, haiponyi. Ukikosa barafu, paketi ya maziwa iliyolala friza inafanya kazi, mradi usisahau ukaiweka kwenye chai.

Maji ya moto na kuchuliwa katika siku hizo ni kosa, najua nitagombana na shangazi zenu wote. Msuli uliochanika unavuja damu kwa ndani. Ukiukanda kwa moto au kuusugua kwa nguvu, unaongeza kuvuja. Mchuaji wa mtaani mwenye mikono ya chuma anaweza kukugeuzia jeraha la wiki tatu kuwa la miezi mitatu, na utamlipa. Baada ya siku chache, msuli uliokakamaa tu bila kuchanika unaweza kupata moto na kuchuliwa taratibu. Pombe nayo iache siku hizo za mwanzo.

Tena, kupumzika si kulala. Baada ya siku mbili au tatu, mguu unataka kutembezwa kidogo kidogo kwa kiasi unachokimudu. Waliolala wiki nzima ndio hurudi wakiwa wamekauka kama ukuni.

Nikimeza dawa ya maumivu asubuhi ya mbio, si nitamaliza?

Utamaliza mguu. Maumivu ndiyo bawabu wako pekee siku hiyo, nawe unampa dawa ya usingizi.

Lingine ambalo wengi hawalijui: dawa za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki zinapunguza damu inayofika kwenye figo. Ukizichanganya na jasho, maji kidogo na saa mbili za jua, figo zinabanwa pande mbili. Ukizimeza tumbo tupu saa 11 alfajiri, tumbo nalo litatoa maoni yake njiani, na vyoo vya mbio mnavijua. Wenye vidonda vya tumbo, presha au shida ya figo wasizisogelee bila daktari.

Na ile sindano ya "nidunge tu nikimbie" ya duka la dawa Jumamosi jioni, msiniulize tena. Kama mguu unahitaji sindano ili uanze mbio, mguu umeshasema.

Bandeji, soksi za kubana, zile kanda za rangi?

Bandeji au kishikizo cha kifundo husaidia aliyetegua zamani asitegue tena. Soksi za kubana zinaleta faraja. Kanda za rangi zinapendeza kwenye picha. Hakuna hata kimoja kinachobeba mzigo badala ya msuli.

Raba za mitumba zina shida?

Zenyewe hazina dhambi. Nimenunua zangu kwenye masoko ya Toi na Gikomba, na nimeona za bei kubwa zilizokufa kuliko za mitumba. Tatizo ni sponji ya soli, ambayo huzeeka hata juu ikionekana mpya. Bonyeza soli kwa dole gumba pembeni, chini ya kisigino: ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo mingi iliyolala, acha. Weka kiatu mezani, chungulia kwa nyuma. Kikilala upande mmoja, mwenye nacho wa kwanza alikuwa anakanyaga kwa upande huo, na sasa atakufundisha wewe mwendo wake. Pinda ncha: kiatu kikunjike penye vidole, si katikati.

Kosa kubwa zaidi ni kiatu kipya cha siku ya mbio, na hasa kwa mwenye jeraha. Kiatu unachokifahamu, hata kama rangi imepauka.

Nilijiandikisha 21. Nishuke 10 au 5?

Shuka. Waandaaji wengi hukubali kushuka umbali ukiwaomba wakati wa kuchukua vifaa. Wachache hugoma kwa sababu namba zina rangi tofauti. Uliza mapema. Ikishindikana, anza na wenye 21 kisha jitoe pale unapoona panafaa, ukiwaambia walio pembeni wasije wakakutafuta.

Naweza kumpa mwenzangu namba yangu?

Usimpe kimyakimya. Namba ina jina lako, umri wako, na nyuma yake simu ya mtu wa kupigiwa ukianguka. Mwenzako akizimia, mke wako ndiye atakayepigiwa aambiwe mumewe amelazwa, wakati wewe umekaa naye mnakunywa chai. Inachekesha mpaka ikukute.

Kwa sababu hiyo hiyo, jaza ile sehemu ya nyuma ya namba. Andika na jeraha lako na dawa unazotumia. Watu wa Msalaba Mwekundu na wa St John Ambulance wanaposimama pembeni hawana njia nyingine ya kukufahamu.

Asubuhi yenyewe nifanyeje?

Nairobi saa 12 asubuhi ni baridi, mwezi wa Julai ni baridi ya kuvaa mbili. Utasimama muda mrefu kabla ya kuanza, na shavu la mguu lenye jeraha likipoa ni kama mpira uliolala nje. Vaa suruali au funga leso juu, uivue dakika za mwisho. Tembeatembea, zungusha kifundo, inua visigino polepole. Usivute msuli ulioumia kwa nguvu ukidhani unaunyoosha.

Halafu kuna jukwaa. Mtaitwa mcheze kwa pamoja, mruke, mpige makofi juu ya kichwa, mguu kushoto, mguu kulia, haraka haraka. Nimeona watu wakiumia hapo, kabla ya bunduki, na hakuna namna ya kusimulia jeraha hilo kazini Jumatatu likasikika la heshima. Cheza mabega.

Simama nyuma kabisa. Mbele watu wanaondoka kwa fujo hata kama wote ni wa kujifurahisha, na mguu mbovu hauwezi kukwepa kijana anayesimama ghafla kujipiga picha.

Njiani pabaya ni wapi?

Kwenye miteremko. Watu huogopa kupanda, lakini mteremko ndio unaopiga goti na ugoko. Fupisha hatua, usiachie mwili ujiendeshe. Kupanda nako ni adui wa shavu la mguu na kano ya kisigino: tembea, hakuna atakayekushtaki.

Barabara zetu zina mgongo katikati na zinashuka pembeni ili maji yaende mtaroni. Ukikimbia ukingoni kilomita 10, mguu mmoja uko chini wakati wote, na nyonga inajua. Kaa karibu na katikati. Mbio kadhaa za miaka ya karibuni zimeanzia Uhuru Gardens, pale bendera ilipopandishwa Desemba 1963. Nyasi zake ni laini lakini chini yake si tambarare, basi ukitoka na kuingia humo tazama unapokanyaga, hasa mwishoni unapotafuta kamera. Matuta na mifuniko ya mitaro iliyoibwa mnaijua wenyewe.

Na meza za maji! Nasema haya nikiwa mhudumu wake. Chupa zinatupwa chini, maji yanamwagika, watu wanakatiza kutoka pande zote. Hapo ndipo vifundo vinapoteguka. Meza ya kwanza ndiyo yenye vurugu. Pita hadi ya mwisho ya kituo hicho hicho, simama kabisa, kunywa, kisha uondoke.

Kukimbia na kutembea kwa zamu, hesabu yake ikoje?

Anza na zamu tangu hatua ya kwanza, usingoje maumivu. Dakika 2 kukimbia, dakika 1 kutembea. Mwenye shaka afanye 1 kwa 1. Mtu akitembea kwa haraka tu, kilomita 5 hadi 6 kwa saa, kilomita 10 zinamchukua saa moja na dakika 40 hadi saa mbili. Angalia barabara zinafunguliwa saa ngapi. Magari ya Nairobi yakishafunguliwa hayaulizi kama umebakiza kilomita moja.

Natoka Mombasa. Hewa ya juu itaudhuru mguu?

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa haitakugusa mguu, ila utachoka mapema, na aliyechoka hukanyaga ovyo. Punguza mwendo kuliko unaouzoea nyumbani. Na karibu, ndugu yangu, ulete sweta.

Mguu umegoma katikati ya njia. Sasa?

Tembea dakika mbili. Maumivu yakiisha na mwendo ni sawa, endelea kwa kutembea hadi mwisho. Yasipoisha, au ukiwa unachechemea, toka upande wa wahudumu, kaa, inua mkono. Usijinyooshe kwa nguvu. Usikubali msamaria akuvute kidole gumba kama mchezaji wa kandanda, hiyo ni ya msuli uliokaza kwa mkazo wa ghafla, si uliochanika. Ukisikia ule mlio wa "paa" au kisigino hakisukumi ardhi, umemaliza mbio, subiri gari.

Beba simu na nauli. Barabara zimefungwa, bodaboda hazifiki, na wengi hujikuta wanachechemea nusu ya mji wakitafuta matatu. Mpange mtu wa kukuchukua upande ambao haujafungwa.

Wenzangu wa ofisini watanicheka nikitembea.

Watacheka hadi saa nne.

Niliowaomba mchango niwaambie nini?

Waambie mguu umeumia na utatembea, au utasimama kwenye meza ya maji. Waliochangia kwa kila kilomita waulize kama wanabadilisha. Sijawahi kusikia aliyedai arudishiwe. Hii ni nchi ya harambee, mtu hutoa kwa sababu umemwomba na kwa sababu shida ipo. Na kama hujawahi kuwa upande wa pili wa meza, waandaaji hukosa watu wa kujitolea kila mwaka. Kazi ya kugawa maji unaweza kuifanya umekalia kreti.

Nitapewa medali nikitembea?

Ukifika kabla hawajafunga, ndiyo.

Baada ya mbio nifanyeje, na nirudi kukimbia lini?

Usikae chini mara tu unapomaliza. Tembea dakika kumi, kunywa, kula ndizi, badilisha fulana yenye jasho. Kwenye matatu omba kiti cha mbele au cha kando ya njia, unyooshe mguu. Dakika arubaini za foleni goti likiwa limekunjwa zitakufanya ushuke kama mzee wa miaka tisini, na makanga hatakusubiri.

Jumatatu mguu utauma, hiyo haisemi kitu. Jumanne asubuhi ndiyo ya kutazama. Ukiwa pale pale ulipokuwa Alhamisi kabla ya mbio, hukuudhuru. Ukiwa mbaya zaidi, rudi kwenye kutembea kwa wiki nzima kisha anza upya na jaribio la ngazi. Jirani yangu wa ghorofa ya nne amefika 19 kwa mguu wa kushoto. Bawabu ndiye anayemhesabia.